Ute wa Yai na Chembe za Fedha

Fedha, metali nyeupe ambayo Kiswahili kimeipa jina moja na pesa, huweza kugawanywa kwa njia za kikemia hadi ikawa chembe ndogo mno zinazoelea majini bila kuzama, na chembe hizo, ambazo siku hizi huitwa chembe za nano kwa kuwa upana wake hupimwa kwa nanometa, yaani sehemu moja ya bilioni ya meta, ni kongwe kuliko jina lake. Waandishi wengi wa sayansi huisimulia historia yake kana kwamba fedha ndiyo mhusika pekee: nani aliitengeneza kwanza, ilikuwa na rangi gani, iliua vijidudu vya namna gani. Usimulizi huo unaacha nusu ya habari, kwa sababu chembe ya fedha iliyo peke yake majini haidumu. Lazima iwe na kitu cha kuishika, na kwa sehemu kubwa ya historia hiyo kitu hicho kilikuwa mnyororo wa asidi amino, uwe umetoka kwenye ute wa yai, kwenye mifupa na ngozi za ng'ombe, au kwenye mashine ya maabara inayounganisha peptidi kiungo kimoja baada ya kingine.

Asidi amino ni molekuli ndogo ambazo viumbe vyote huzitumia kama shanga za kutungia protini. Shanga zikiwa chache, utungo huo huitwa peptidi. Zikiwa mamia, na utungo ukajikunja katika umbo maalumu, huitwa protini. Aina za kawaida za shanga hizo ni 20, na kila aina ina tawi la pembeni lenye tabia yake: sisteini ina salfa, histidini ina pete yenye naitrojeni, lisini hubeba chaji chanya, asidi aspatiki hubeba chaji hasi, na tairosini ina pete ya kaboni inayoweza kuachia elektroni. Kwa upande wa fedha, chembe yenye upana wa nanometa 10 ina atomu zipatazo 30,000, na zaidi ya moja katika kila kumi ya atomu hizo iko usoni, ambako haina jirani wa kushikana naye upande wa nje. Chembe mbili za namna hiyo zikikaribiana huvutana na kugandana, kisha zinavuta ya tatu na ya nne, na maji yaliyokuwa ya manjano maangavu hugeuka kijivu na hatimaye kuacha vumbi jeusi chini ya chupa. Umanjano wenyewe hutokana na elektroni huru za fedha, ambazo hutikisika kwa pamoja zinapopigwa na mwanga wenye urefu wa wimbi wa karibu nanometa 400, zikaumeza mwanga wa zambarau na kuacha rangi zilizobaki zipite; chembe zikigandana mtikisiko huo huvurugika, na ndiyo maana jicho la kawaida, bila hadubini, limekuwa tangu mwanzo kipimo cha kwanza cha uimara wa mchanganyiko huu.

Uhusiano wa fedha na salfa ulijulikana jikoni kabla ya maabara. Kijiko cha fedha kikitumika kulia yai huingia weusi, kwa sababu salfa iliyomo ndani ya yai hushikana na atomu za uso wa kijiko na kufanya utando wa salfidi ya fedha. Mwenye nyumba huona hasara, na huchukua kitambaa akaanza kusugua. Lakini mvutano uo huo, ukipatikana kwenye tawi la sisteini katika mnyororo wa protini, ndio unaoufanya mnyororo huo uushike uso wa chembe kwa nguvu, huku sehemu nyingine za mnyororo zikibaki zikielea majini na kuzizuia chembe jirani zisisogee.

Dalili ya kwanza iliyoandikwa kuhusu kinga hiyo ilihusu dhahabu. Mwaka 1857 Michael Faraday, akifanya kazi katika Royal Institution mjini London, alieleza mbele ya Royal Society namna alivyopata maji mekundu kama yakuti kwa kutumia fosforasi kuitoa dhahabu kwenye chumvi zake, na namna chumvi kidogo ya mezani ilivyotosha kuyageuza maji hayo kuwa ya buluu. Aliona pia kwamba jelatini hulichelewesha badiliko hilo. Miaka minne baadaye, mwaka 1861, mwanakemia wa Uskoti Thomas Graham alivipa vitu vya aina hii jina la koloidi, akilitoa kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya gundi, kwa kuwa gundi na jelatini ndizo zilizokuwa mifano yake mikuu. Jina hilo linafaa kutazamwa kwa makini. Mtu aliyetaka kuueleza mtawanyiko wa vitu vidogo majini aliazima jina la kitu ambacho chenyewe ni protini iliyochemshwa kutoka kwenye ngozi na mifupa, na karne nzima iliyofuata ilikuwa kama kurudi polepole kwenye maana ya jina hilo.

Kwa fedha yenyewe, kazi ya msingi ilifanyika Philadelphia, Marekani, mikononi mwa Matthew Carey Lea, mwanakemia aliyejigharimia mwenyewe utafiti wake na ambaye kwa miaka mingi alishughulika na kemia ya picha. Mwaka 1889 alichapisha njia ya kuchanganya nitrati ya fedha na salfeti ya chuma pamoja na sitrati, ambayo ni chumvi ya asidi ya limau. Mchanganyiko huo ulitoa mashapo ya rangi ya zambarau iliyopauka, ambayo yakikusanywa kwenye karatasi ya kuchujia yalionekana ya buluu, na yakitiwa maji safi yaliyeyuka yakatoa wekundu mzito kama damu. Lea alidhani amepata umbo jipya la fedha, tofauti na ile ya kawaida kama vile almasi ilivyo tofauti na makaa. Alikosea katika tafsiri, lakini njia yake ilikuwa sahihi kiasi kwamba wanakemia waliirudia na kuisifu miongo mingi baadaye. Udhaifu wake ulikuwa mmoja: sitrati hukaa juu ya uso wa fedha kwa mshiko hafifu, ikizitenganisha chembe kwa chaji hasi peke yake, hivyo chumvi kidogo ikiingia huifunika chaji hiyo na kinga yote huanguka.

Wakati huo huo kiwanda cha picha kilikuwa kinaitegemea protini kila siku bila kuipa heshima yake. Tangu Richard Leach Maddox, daktari wa Kiingereza, alipopendekeza mwaka 1871 kutumia jelatini kuzishika chembe za bromidi ya fedha juu ya kioo, jelatini ilihesabiwa kuwa gundi tu, kitu cha kubebea. Hata hivyo watengenezaji waliona kwamba jelatini ya shehena moja ilitoa filamu nyepesi kudaka mwanga, na ya shehena nyingine ilitoa filamu nzito, ingawa fedha ilikuwa ile ile. Ilikuwa hadi mwaka 1925 ndipo Samuel Sheppard wa maabara ya Kodak alipotangaza sababu: ndani ya jelatini nzuri mlikuwamo viasili vya salfa, vya jamii ya mafuta ya haradali, vilivyotokana na malisho ya wanyama ambao ngozi zao zilichemshwa, na salfa hiyo ilifanya vidoa vya salfidi juu ya chembe za fedha. Haradali aliyoila ng'ombe malishoni ilikuwa imeamua ubora wa picha. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa jinsi kile kinachoishika fedha kinavyoingia katika tabia ya fedha yenyewe.

Njia kuu ya historia hii, hata hivyo, ilipita hospitalini. Mwaka 1880 Carl Credé, mkurugenzi wa hospitali ya uzazi ya Leipzig, Ujerumani, alianza kutia tone la nitrati ya fedha yenye nguvu ya asilimia 2 katika macho ya watoto wachanga ili kuwakinga na usaha unaotokana na kisonono cha mama, ugonjwa uliokuwa ukiwapofusha watoto wengi Ulaya. Kabla ya hapo takriban mtoto mmoja katika kila kumi waliozaliwa hospitalini humo alipatwa na ugonjwa huo. Baada ya matone hayo idadi ilishuka ikawa chini ya mmoja katika mia. Lakini nitrati ya fedha huchoma. Ioni zake, yaani atomu za fedha zilizopoteza elektroni moja, hushika kila kitu kilicho karibu, na zikikutana na chumvi ya machozi au ya damu hugeuka kloridi nyeupe isiyoyeyuka, hivyo nguvu yake huisha juu juu kabla haijafika ndani ya tishu. Kilichotafutwa, basi, kilikuwa fedha iliyofungwa kiasi cha kutochoma, na isiyofungwa mno kiasi cha kushindwa kufanya kazi.

Jibu lilitoka pande mbili mnamo mwaka 1897. Benno Credé, mwana wa Carl na daktari mpasuaji mjini Dresden, aliingiza katika tiba fedha ya koloidi iliyojulikana baadaye kwa jina la Collargol, ambayo kiwanda cha Heyden cha Radebeul, jirani na mji huo, kiliiuza kama vipande vyeusi vinavyong'aa na kuyeyuka majini. Mwaka huo huo kampuni ya Bayer ilitoa Protargol, kazi ya mwanakemia Arthur Eichengrün, ambamo fedha ipatayo asilimia 8 ilifungwa na protini, na dawa hiyo ikawa tegemeo la matibabu ya kisonono kwa karibu nusu karne, hadi viuavijasumu vilipofika. Ndani ya Collargol, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa fedha, mlikuwa na masalia ya ute wa yai, nayo yakitajwa katika maelezo ya bidhaa yalitajwa kama kilinzi, neno linalofaa lakini lililofunga mjadala mapema. Hakuna aliyeuliza kwa dhati ni sehemu ipi ya ute ule iliyoishika fedha.

Aliyekaribia swali hilo zaidi ya wenzake wote wa wakati ule, na ambaye historia za kisasa za chembe za nano zimemsahau pasipo haki, ni Carl Paal wa Chuo Kikuu cha Erlangen. Paal aliuchukua ute wa yai akauchemsha katika maji ya magadi makali, yaani hidroksidi ya sodiamu, hadi protini zake zikakatika vipande, kisha akavitenga vipande hivyo kwa asidi katika mafungu mawili aliyoyaita asidi ya protalbini na asidi ya lizalbini. Chumvi za mafungu hayo alizichanganya na nitrati ya fedha, akapasha moto, na mbele yake mchanganyiko ukageuka rangi hadi kuwa wa kahawia iliyokolea, ishara kwamba ioni za fedha zilikuwa zimepokea elektroni na kuwa metali. Jambo la kushangaza lilikuja mwishoni. Mchanganyiko ule ungeweza kukaushwa kabisa ukawa unga mweusi, ukawekwa, kisha ukatiwa maji na kurudi kuwa mmumunyo uleule, chembe zake zikiwa hazijagandana. Fedha ya sitrati ya Lea haikuvumilia mateso ya namna hiyo kwa urahisi. Fedha ya Paal ilivumilia, kwa kuwa kila chembe ilikuwa imevikwa vipande vya protini vilivyoishika usoni na kuyaelekezea maji ncha zake zenye chaji hasi.

Matokeo hayo ya fedha Paal aliyachapisha mwaka 1902, na tarehe hiyo inastahili kuzingatiwa. Ni mwaka huo huo, mwezi Septemba, katika mkutano wa wanasayansi wa Kijerumani uliofanyika Karlsbad, ambapo Emil Fischer na Franz Hofmeister, kila mmoja katika hotuba yake, walitangaza kwamba protini ni minyororo ya asidi amino zilizounganishwa kwa kiungo cha aina moja, na Fischer akavipa vipande vya minyororo hiyo jina la peptidi. Vipande vya Paal vilikuwa hasa hivyo: protini iliyokatwa kwa magadi. Kwa maneno mengine, peptidi zilizoshika chembe za fedha na kuziimarisha ziliingia katika maandishi ya kemia mwaka ule ule zilipopewa jina, kwa lugha moja, katika nchi zilizopakana, na bado pande hizo mbili hazikukutana kwa miaka mingi. Mwanakemia wa protini aliitafuta asidi amino, mwanakemia wa koloidi aliitafuta rangi, na mfamasia aliitafuta dawa isiyochoma.

Kipimo cha kulinganisha vilinzi hivyo kilikuwa tayari kimepatikana. Mwaka 1901 Richard Zsigmondy, Mwaustria aliyekuwa amefanya kazi katika kiwanda cha vioo cha Schott huko Jena na ambaye baadaye alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1925, alibuni kile alichokiita namba ya dhahabu. Mpimaji alichukua mililita 10 za mmumunyo mwekundu wa dhahabu katika neli ya kioo, akaongeza kilinzi anachokichunguza, kisha akamimina mililita 1 ya maji yenye chumvi asilimia 10 na kutazama. Ikiwa wekundu umebaki, kilinzi kimetosha. Ikiwa maji yameanza kuwa ya zambarau, hakikutosha. Na uzito wa kilinzi, kwa miligramu, ulio kwenye ukingo wa hali hizo mbili ndio namba yake. Jelatini ilipata namba ndogo kuliko karibu vilinzi vyote, chini ya mia moja ya miligramu, ilhali gundi ya mgunga, iliyouzwa Ulaya kutoka Sudan, ilihitajika mara nyingi zaidi ya hapo. Jedwali la Zsigmondy lilikuwa la haki na lenye manufaa, lakini lilipima nguvu ya kilinzi kama vile mizani inavyopima gunia, bila kulifungua.

Huko Philadelphia biashara ilikuwa inakwenda mbele ya maarifa. Albert Barnes, daktari, na mwenzake Hermann Hille, mwanakemia wa Kijerumani, walianzisha kampuni mwaka 1902 ili kuuza Argyrol, mchanganyiko wa fedha na protini uliokuwa mpole kuliko nitrati na ambao ulisambaa haraka katika hospitali za macho na za uzazi. Utajiri wake ndio ulionunua picha za Renoir, Cézanne na Matisse zilizokusanywa katika taasisi aliyoianzisha Barnes mwaka 1922, na mwaka 1929, miezi michache kabla ya soko la hisa la New York kuporomoka, aliiuza kampuni. Watumiaji wa muda mrefu wa dawa hizo hawakuwa na bahati hiyo wote: fedha iliyojikusanya chini ya ngozi iliwageuza wengine rangi, wakawa wa kijivu chenye ubuluu, hali iitwayo ajiria, na rangi hiyo haiondoki. Penisilini ilipoenea baada ya vita vya pili vya dunia, dawa za fedha na protini zilirudi nyuma hadi kwenye makabati ya wafamasia wa zamani, na maswali yaliyokuwa hayajajibiwa yakarudi nazo.

Yaliyotokea kati ya hapo na mwisho wa karne yanaweza kupitiwa kwa haraka. Nadharia ya chaji na mvutano kati ya chembe ilikamilishwa na Derjaguin na Landau mwaka 1941, kisha na Verwey na Overbeek mwaka 1948. Lee na Meisel mwaka 1982 waliirudisha sitrati kwa njia rahisi ya kuichemsha na nitrati ya fedha. Kilichobadilisha mambo kilikuwa ugunduzi wa mwaka 1974 huko Southampton, Uingereza, ambapo Fleischmann, Hendra na McQuillan waliona kwamba molekuli zilizoushika uso wa fedha uliokwaruzwa hutawanya mwanga kwa nguvu isiyo ya kawaida, kwa namna ile aliyoigundua C. V. Raman nchini India mwaka 1928. Kila kiungo cha molekuli hutikisika kwa mdundo wake na huacha alama yake katika mwanga huo, na alama za viungo vilivyo karibu na fedha ndizo zinazokuzwa zaidi. Kwa hiyo fedha yenyewe iligeuka shahidi: iliweza kuulizwa ni tawi lipi la peptidi limeigusa, nayo ikajibu kwamba salfa ya sisteini hushika kwa nguvu kuliko yote, pete ya histidini hufuata, na kwamba vikundi vya kaboksili na amino katika ncha za mnyororo navyo hugusa, ila kwa kutegemea uchachu wa maji.

Mwaka 2002, miaka mia moja kamili baada ya Paal, Rajesh Naik, Morley Stone na wenzao katika maabara ya jeshi la anga la Marekani karibu na Dayton, Ohio, walilifungua gunia kwa njia nyingine. Walitumia mkusanyo wa virusi vya bakteria ambavyo kila kimoja hubeba juu ya ganda lake peptidi tofauti yenye asidi amino 12, mbinu iliyobuniwa na George Smith mwaka 1985. Wakavimimina virusi hivyo juu ya chembe za fedha, wakaosha vilivyoshikwa kwa ulegevu, wakavizalisha vilivyobaki, wakarudia. Peptidi mbili zilizoshika vizuri zaidi zilipewa majina AG3 na AG4. Matarajio ya wengi yangekuwa kukuta sisteini ndani yake, au angalau histidini, lakini hamna hata moja. Kilichomo katika zote mbili ni tairosini, serini mbili zilizofuatana, prolini na fenilalanini, na AG3 ina pia methionini, ambayo salfa yake imefichwa katikati ya tawi. AG4 ilipowekwa pamoja na nitrati ya fedha majini ilitoa chembe za metali zenye upana wa nanometa 60 hadi 150, nyingine za pembe tatu na nyingine za pembe sita, jambo linaloonyesha kwamba peptidi ilikuwa imeshika baadhi ya nyuso za fuwele zaidi ya nyingine na kuziachia zilizobaki zikue.

Njia ya pili ilikuwa ya kusanifu badala ya kuchagua. Mwaka 2004 watafiti wa Liverpool, Raphaël Lévy na wenzake, walitengeneza peptidi ya asidi amino tano tu, sisteini, alanini, leusini na asparajini mbili, kwa ajili ya dhahabu, na mwaka uliofuata maabara zile zile zikaonyesha chembe za fedha zilizoimarishwa kwa peptidi. Mpangilio wa viungo hivyo vitano unasomeka kama ramani: sisteini mwanzoni inashika metali kwa salfa, alanini na leusini, ambazo hukimbia maji, zinasongamana na wenzao wa peptidi jirani zikafunga tabaka lililobana, na asparajini pamoja na ncha ya kaboksili zenye kupenda maji zinabaki nje, zikibeba chaji hasi na unene unaotosha kuzizuia chembe zisikaribiane hata chumvi ikiwa nyingi. Kinga ya chaji, ambayo Lea alikuwa nayo peke yake, na kinga ya unene, ambayo Paal alikuwa nayo bila kuijua, zilikuwa zimewekwa mahali pamoja kwa makusudi.

Katika kuishika fedha kwa asidi amino, bakteria walikuwa wameshafika kabla ya maabara. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika wodi ya majeraha ya moto ya hospitali moja ya Boston iliyokuwa ikiosha vidonda kwa nitrati ya fedha, alijitokeza bakteria wa jamii ya salmonela asiyeuawa na dawa hiyo, na wagonjwa watatu walipoteza maisha. Mwaka 1999 jeni za ukinzani huo zilisomwa, na miongoni mwa protini zake ikapatikana moja iitwayo SilE, inayokaa katika nafasi kati ya tando mbili za bakteria na kudaka ioni za fedha kabla hazijaingia ndani. Mnyororo wake, ukiwa majini bila fedha, umelegea pasipo umbo. Ioni zinapofika, histidini na methionini zake huzikamata kutoka pande mbili, nao mnyororo hujikunja kuzunguka kila ioni, ukiishika fedha kwa salfa ile ile iliyofichika ndani ya methionini, na ambayo AG3 nayo inayo katika nafasi yake ya tisa.